Seva "haitoki", "haizimiki" au "haijazimika"?

Swali: Mimi ni fundi wa kompyuta. Tuna seva ya kutuma ujumbe mfupi kwa mkupuo. Tukiiamuru ifunge kazi, inaandika kwenye logi kwamba inajizima, kisha inabaki palepale, na mchakato wake (programu ikiwa kazini) bado unaonekana kwenye orodha. Katika ripoti ya hitilafu niliandika "seva haitoki". Mwenzangu akafuta, akaweka "seva haizimiki". Mkuu wetu anataka iwe "seva imegoma kuzima". Nani yuko sahihi? Tena, wingi wa ujumbe mfupi ni "jumbe fupi"?

Jibu: Ndugu fundi, "haitoki" ifute tu. Mtumiaji hutoka kwenye programu kwa sababu aliingia. Programu yenyewe haikuingia popote. Baya zaidi, kwenye seva ya kazi hii msomaji wa ripoti atadhani meseji ndizo hazitoki, aanze kuhangaika na hitilafu ambayo hamna.

"Haizimiki" ni sarufi safi, ila inadai makubwa. Kitenzi "zima" kikivaa -ik- kinaingia kauli ya kutendeka, na kauli hiyo ina kazi mbili. "Taa imezimika" inaeleza hali: haiwaki, na aliyeizima hatajwi. "Moto huu hauzimiki" inaeleza uwezekano: mwaga maji utakavyo, utaendelea kuwaka. Katika ukanushi wa wakati uliopo, maana hii ya pili ndiyo hutangulia kichwani mwa msikilizaji. Barabara isiyopitika si ile ambayo saa hii haina mpitaji. Mwandiko usiosomeka si ule ambao hakuna aliyeusoma. Kwa hiyo mwenzako ameandika kwamba kuizima seva yenu hakuwezekani. Je, mmelithibitisha hilo?

Nauliza kwa sababu kwenye mifumo endeshi ya jamii ya Unix, kama Linux, kuna kuomba programu ifunge na kuna kuilazimisha. Ishara namba 15, SIGTERM, ni ombi: programu inaweza kumalizia kazi zake kwanza, au hata kulipuuza. Ishara namba 9, SIGKILL, haipuuziki (-ik- ileile, na hapa imekaa mahali pake), kwa kuwa mfumo wenyewe ndio huuondoa mchakato bila kuushauri. Mafundi husema "kuua mchakato", nami sina ugomvi na neno hilo, linasema kweli. Kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya muda bila kuandikwa diskini hupotea. Basi ikiwa seva ilikufa kwa namba 9, inazimika, tena inazimika vizuri tu. "Haizimiki" iwekeeni mchakato uliobaki hai hata baada ya hapo, kama ule uliokwama ndani kabisa ya mfumo ukisubiri diski au kifaa kingine.

Ninayoipendekeza haimo katika zenu tatu: "haijazimika". Kiambishi -ja- hubeba matarajio. Jambo lilikuwa litokee, halijatokea, na mlango bado u wazi. Hiyo ndiyo hali ya kawaida ya seva ya meseji iliyoamriwa ifunge, maana ina sababu nyingi za halali za kuchelewa. Foleni huenda bado ina meseji. Nyingine zimekwisha kupelekwa kwenye kituo cha mtandao wa simu, ila jibu la kuzipokea halijarudi. Hata kuagana kuna utaratibu: katika SMPP, itifaki (kanuni za mawasiliano) ya kupitishia meseji kati ya seva na kituo hicho, upande mmoja huomba kufungua kifungo cha muunganisho na upande wa pili hujibu. Upande wa pili ukinyamaza, na programu haikuwekewa ukomo wa kusubiri, itasubiri mpaka kesho.

Watengenezaji wa Kannel, programu huria ya lango la meseji, wameligawa jambo hili kwa makini. Amri ya kuzima ikitolewa mara ya kwanza, lango huingia katika hali ya kujifunga ambayo haina kurudi nyuma, lakini ukiliuliza hali yake bado linajibu. Ikitolewa mara ya pili, linafungwa kwa nguvu hata kama foleni ina meseji. Kati ya amri hizo mbili, neno sahihi ni "haijazimika". Programu hiyohiyo ina amri nyingine ya kulisimamisha lango, na lililosimamishwa linaweza kuendelea na kazi. Kwa hiyo msiandike "seva imesimama" mkimaanisha imezimika. Anayekuja zamu ya usiku ataelewa kwamba inangoja kuendelezwa.

Sasa angalieni hesabu ya foleni. Ikipungua, andikeni "haijazimika, inamalizia foleni". Isiposogea, neno linageuka: "imekwama". Hili nalo lisiachwe peke yake. Kiswahili kimetupa -ki- ya kueleza tendo linaloandamana na jingine, nayo ndiyo yenye thamani kwa fundi: "imekwama ikisubiri jibu la kituo", "imekwama ikijaribu kuunganisha upya". Hapo ripoti inaonyesha pa kuanzia kutafuta.

"Imegoma kuzima" ya mkuu wenu ni Kiswahili cha watu, na mdomoni inapendeza. Kwenye maandishi ina kasoro mbili. Kugoma kunailaumu mashine pasipo kusema kinachoizuia. Na "kuzima" bila yambwa (kile kinachozimwa), ingawa kila siku tunasema simu imezima, humfanya msomaji mkali aulize: imegoma kuzima nini? Mwandikieni "kuzimika", au "kujizima" pale ambapo seva yenyewe ndiyo mtendaji.

Kuhusu "jumbe fupi": neno limeenea na linafuata njia ya ukuta na kuta, kwa hiyo silikatazi, japo kwa wasomaji wa zamani "jumbe" ni cheo cha mtawala. Ukiwa na idadi ya kutaja kwenye ripoti, "meseji 500" haitamkwaza mtu.