Mama alidai kwa giza: jibu kwa mdogo wangu wa Kasulu

Wiki iliyopita dada mmoja wa Kasulu aliniandikia. Amefungua duka mwaka huu kwa fedha za kiinua mgongo alizopewa na baba yake. Sasa rafu zinaelekea kuwa tupu, daftari la madeni limejaa, na anaowadai wakimwona kwa mbali wanakata kona. Swali lake lilikuwa moja: "Dada, niache kabisa kukopesha?"

Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta naandika habari za mama yangu. Basi nimeona niandike hapa, maana najua mko wengi wenye duka na daftari, na sote tunatafuta kitu kilekile: duka lisimame, watoto wasome, na usiku mtu alale bila presha.

Mama alikuwa na duka Kibirizi, hapa Kigoma, kaskazini kidogo mwa stesheni ambako reli ya kati inaishia. Alianza mwaka 1988 na meza ya nyanya, dagaa na mawese ya chupa. Meza ikawa kibanda, kibanda kikawa chumba cha matofali chenye dirisha la nondo. Alikuwa amepita miaka ya foleni. Mwaka 1983, akiwa na mimba yangu, alipanga foleni ya duka la kaya, lile la bidhaa za mgao, tangu alfajiri, na alipofika mbele aliambiwa sabuni imeisha na mtu ambaye hakuinua hata macho. Alilisimulia hilo mara nyingi. "Nikasema, nikija kupata duka langu, anayeniomba sabuni nitamtazama usoni."

Na kweli aliwatazama. Alifungua saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu boti za dagaa zinarudi kunapokucha na wavuvi wanataka chai, maandazi na sigara. Alipima sukari robo kilo na chumvi ya Uvinza, alikata mche wa sabuni vipande, na mafuta ya taa aliuza kuliko kitu kingine chochote, maana siku hizo uvuvi wa dagaa ulikuwa wa karabai. Sisi watoto tulilala nyuma ya duka, tumetenganishwa nalo kwa pazia la kitenge. Hesabu nilijifunzia kwenye chenji kabla sijaanza darasa la kwanza.

Sasa nije kwenye jambo lililonikaa moyoni.

Mwaka 1999 nilikuwa kidato cha pili, Tabora. Siku moja tulioitwa majina kwenye mstari tuliambiwa turudi nyumbani tukalete ada. Nilipanda treni, daraja la tatu, nimekaa juu ya tranka usiku kucha. Nilipofika dukani nilimkuta mama anampimia mafuta ya taa mwanamume mmoja, kisha anaandika kwenye daftari. Anaandika! Hakulipwa hata senti, na mimi nimesimama pale na sare ya shule.

Usiku nililichukua lile daftari nikajumlisha. Madeni ya watu yalitosha kulipa ada yangu ya mwaka mzima na chenji ikabaki. Nikamuuliza, "Mama, kwa nini usiwafuate?" Akanijibu neno moja tu: "Subiri giza."

Nilidhani ananidharau. Nilikaa nyumbani siku kumi na tatu, nikakosa mitihani, nikarudi shuleni nikiwa nyuma ya wenzangu. Hesabu, somo nililolipenda kuliko yote, muhula ule nilishika nafasi ya thelathini na kitu. Sikumsamehe mama, na nakiri hivyo. Kwa miaka mingi niliwachukia wadeni wake mmoja mmoja, na yeye nilimwona mama mwema aliyekubali watoto wake walipe gharama ya wema huo.

Mama alifariki Februari 2016. Kwa kuwa mimi ndiye niliyesomea uhasibu, kaka zangu walisema nishike duka. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutundika kibao: MKOPO HAKUNA, USIOMBE. Cha pili, siku ya kumi na moja baada ya mazishi, nilichukua daftari nikaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Mama mmoja mwanika dagaa alinipa noti zote alizokuwa nazo, akazisukumia mkononi mwangu, akasema, "Chukua, mwanangu. Lakini mama yako asingekuja leo." Sikumwelewa. Niliona ni maneno ya mtu aliyekasirika kudaiwa. Nilikusanya karibu nusu ya madeni na nikarudi nyumbani najiona mjanja. Watu wale hawakurudi dukani kwangu tena. Walipita mbele ya mlango wangu, wakanisalimia kwa adabu zote, wakaenda kununua duka la pili. Sukari iliganda kwenye gunia ikawa jiwe. Desemba ya mwaka uleule nilifunga.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mvuvi, aliyekuja kuulizia kama nauza mizani. Daftari lilikuwa juu ya meza. Akalifungua, akacheka kidogo.

"Hizi alama unazijua?"

"Hapana, baba. Nilidhani alikuwa anajaribu kalamu."

Mbele ya kila jina mama alichora kitu: kidoti cheusi, kiduara kitupu, au kipembe kama paa la nyumba. Mzee akaweka kidole. "Hiki cheusi ni giza. Hiki kitupu ni mbalamwezi. Mama yako alitukopesha kwa mbalamwezi, akatudai kwa giza."

Nyie mliokulia ufukweni mnajua, lakini wa mbali niwaeleze. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa. Kukiwa na giza totoro, mwanga wa taa unawavuta, wanakusanyika chini ya boti. Mwezi ukipevuka, mwanga umetapakaa ziwa zima, taa haina nguvu, na wavuvi wanapumzika karibu wiki nzima. Kwa hiyo nyumba ya mvuvi ina siku za pesa na siku za ukame, kila mwezi, na zinaonekana angani. Kipembe kilikuwa cha wanawake wanaoanika: wao wana pesa jua likiwaka, lakini mvua za masika zikishika, dagaa wanaozea mchangani na hakuna cha kudai.

Mimi nilikwenda kudai wakati mwezi umejaa. Na mimi ndiye mwenye cheti cha uhasibu.

Nilirudi kwenye daftari la 1999, mama hakuwa mtu wa kutupa daftari. Ukurasa wa wiki ile niliporudishwa nyumbani, katikati ya majina ya watu, ameandika: "Ada, Tabora." Mbele yake kidoti cheusi. Alijiandika mwenyewe kama mdeni, na mdai nilikuwa mimi. Niliketi sakafuni nikalia hadi mzee yule akaondoka bila kuaga.

Nilifungua tena mwaka 2018 kwa mkopo wa kikoba, na kibao sikukitundika.

Mwaka 2024 ndipo nilipopimwa. Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Kwa Kibirizi hiyo ni miezi mitatu ya mbalamwezi mfululizo. Wenye maduka wengi waligawanyika: wengine walikopesha kwa huruma mpaka rafu zikakauka, wengine walifunga daftari kabisa. Mimi nilianza kujiandaa Machi. Niliweka vitu vitatu tu vya kukopa: unga, chumvi na sabuni. Soda hapana, vocha hapana, sigara hapana, hata aombe nani. Kila nyumba niliipa kikomo, na kikomo hicho nilikitamka mbele ya mume na mke wote wawili.

Halafu nikaangalia kalenda ya mwezi, na hapa naomba mnisome taratibu. Ziwa lilifunguliwa 15 Agosti, lakini mwezi ulipevuka tarehe 19 Agosti. Wenzangu waliowaambia watu "mkifunguliwa tu mnilipe" walianza kugombana nao tarehe 16, wakati watu wamerudi ziwani na hawapati kitu. Mimi kidoti changu nilikichora mwanzoni mwa Septemba, mwezi ulipoandama. Nyumba 41 nilizikopesha. Hadi mwisho wa Septemba, 38 zilikuwa zimemaliza, na sikugonga mlango wa mtu. Walikuja wenyewe alfajiri, wananuka dagaa, wanahesabu noti juu ya kaunta ya mama yangu. Nasema hili kwa fahari na sioni haya.

Sasa wewe mdogo wangu wa Kasulu. Huko huna ziwa, lakini una mwalimu anayesubiri mshahara wa mwisho wa mwezi, una mkulima anayesubiri maharage yake yakauke, una kijana wa bodaboda anayepata pesa kila siku na kuitumia kila siku. Hawa watatu ukiwaandika kwenye ukurasa mmoja na kuwadai siku moja, lazima wakukimbie. Mwalimu usimdai tarehe 15. Mkulima usimguse mpaka avune. Wa bodaboda alipe jioni ileile, ikifika kesho imeshakuwa ngumu.

Keti usiku na daftari lako, ukiwa peke yako. Mbele ya kila jina andika pesa ya mtu huyo inaingia lini na inatoka wapi. Ukikwama, ukaona hujui, basi huyo hukupaswa kumkopesha, na kosa ni lako kabla halijawa lake. Narudia: jua pesa yake inaingia lini. Mengine yote nimeyajaribu, mabango, ukali, kutuma watoto wakadai, hata kuweka rehani sufuria za watu, na yote yalinirudisha hapohapo.

Wasiolipa wapo, siwezi kukudanganya. Mama aliwawekea msalaba mdogo kwenye kona ya ukurasa, akaendelea kuwasalimia na kuwauzia kwa pesa taslimu. Hakuwatangaza mtaani. Usimtangaze mtu mtaani, dada, hata kama ana makosa, maana ana mama mkwe, ana majirani, ana watoto wanaotumwa dukani kwako.

Na nyinyi ambao mama zenu bado wako nyuma ya kaunta: acheni kuwahukumu kwa kujumlisha tarakimu. Waulizeni kuhusu wale waliokopa, kwa nini wanakopeshwa na wanalipa lini. Ulizeni wakiwa hai. Mimi alama za mama yangu nilisomewa na mvuvi, wakati mama alikuwa pale kwenye kaunta miaka yote ile na angenieleza kwa dakika tano.

Dada wa Kasulu, ukimaliza kuandika nitumie picha ya ukurasa mmoja, ufiche majina ya watu. Nitauangalia nikifunga duka. Wiki hii ni giza, kwa hiyo huwa nachelewa kidogo.