Nunua panchi ya duara kwanza, kipepeo baadaye

Panchi yangu ya kwanza ya urembo, kile kifaa cha kubonyeza kinachokata karatasi kwa umbo fulani, ilikuwa ya kipepeo. Niliinunua Kariakoo, na kosa lilikuwa la macho yangu: muuzaji aliibonyeza mbele yangu kwenye kipande cha karatasi ya pinki, kipepeo akadondoka kauntani, nikatoa hela. Wiki hiyo nilikuwa na oda ya kadi 60 za kicheni pati. Kila kadi ikapata kipepeo. Ikaja sendofu, vipepeo. Ukaja ubatizo, vipepeo tena, hadi mteja wangu mmoja akaniuliza kwa upole, "Dada, huna mdudu mwingine?"

Ndiyo maana mtu akiniuliza leo aanze na panchi ipi, namwambia duara. Duara tupu, halina madoido. Ukiweza chukua mbili, moja ya kama sentimita mbili na nusu na nyingine ya sentimita tano. Umbo lenye urembo mwingi linajitangaza, na likishaonekana kwenye kadi tatu watu wamelizoea. Duara halina sura yake, kwa hiyo linakubali kuwa chochote.

Chukua maduara matano au sita ya sentimita tano, kunja kila moja katikati. Paka gundi nusu ya mgongo wa la kwanza, libandike na nusu ya mgongo wa la pili, endelea hivyo hadi la mwisho, kisha bandika nusu mbili zilizobaki kwenye kadi. Unapata puto linalosimama nje ya karatasi. Chora uzi kwa kalamu chini yake, kadi ya siku ya kuzaliwa imekwisha.

Waridi nalo linatoka humohumo. Kata duara kwa mkasi kama gamba la konokono, ukianzia pembeni ukizunguka kuelekea ndani, ila katikati acha kijiduara cha ukubwa wa shilingi. Anza kuviringisha kutoka ncha ya nje, si ya ndani. Hapo ndipo wengi wanakosea. Ukifika mwisho, kile kijiduara kinakuwa kitako, unatia gundi na kukandamiza. Usiviringishe kwa kubana sana. Acha mkasi wako uyumbeyumbe kidogo, ua litakuwa na uhai zaidi kuliko ukikata kwa ufundi.

Maduara madogo nayapanga mstari mmoja nyuma ya ukingo wa karatasi, nusu zikichungulia. Ukitazama utadhani ni kitambaa cha kufuma, na hukununua panchi ya ukingo, ile inayokata urembo pembeni mwa karatasi.

Panchi ya ukingo niliinunua hatimaye, lakini kwa sababu maalumu. Mama mmoja alitaka kadi za kicheni pati zenye sura ya khanga, si picha ya khanga iliyochapwa, bali kadi yenyewe iwe khanga. Nikajikuta naitandika khanga mezani na kuisoma kama ramani. Khanga ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yale maneno kwenye kisanduku chake upande wa chini wa mji. Basi pindo likawa la panchi ya ukingo, jina likawa utepe mwembamba wa karatasi nyeupe wenye maneno aliyoyachagua mama wa binti, na kwenye mji nikataka korosho.

Panchi ya korosho sikuipata. Nilikuwa na ya tone la maji, nayo ilitoa tone, haikutoa korosho, kwa kuwa korosho lazima ipinde shingo. Dawa ikawa duara tena. Niliigeuza panchi ya duara chini juu, nikaingiza tone upande mmoja tu karibu na ncha, nikabonyeza ikang'ata kidogo. Shingo ikapinda. Siku ile nilijiona fundi kweli.

Hilo la kugeuza panchi ulichukue hata ukiacha mengine yote. Ikiwa wima huoni unachokata. Ikiwa chali tundu liko juu, unaona karatasi yako imekaa wapi hadi milimita. Kwa panchi ya ukingo ni hivyohivyo: sogeza karatasi mpaka sehemu uliyokwisha kukata ilaliane sawasawa na michoro ya kwenye bati, ndipo ubonyeze. Anzia katikati ya upande ukienda kulia, kisha kushoto, ili kama kona hazitakutana vizuri, zisikutane kwa usawa pande zote mbili.

Karatasi iliyobaki na matundu usiitupe. Mimi naibandikia kipande cha kitenge kwa nyuma, tundu linakuwa dirisha. Au naiweka juu ya kadi na kugusagusa wino kwa sponji, umbo linabaki chini bila kukata kitu. Wakati mwingine hilo tundu ni zuri kuliko kilichotoka.

Kuhusu uzito wa karatasi, soma ganda la rimu. Ya kawaida ya ofisi ni gramu 80. Inakatika vizuri, ila ua lake linalegea kama mchicha wa jana. Kwa maua na puto napenda kati ya 120 na 200. Manila nzito ya 300 ndiyo iliyoniulia panchi ya nyota. Ilinasa, nikaigonga na mchi, springi ikaruka chini ya kabati. Siku hizi panchi ikinasa naifunga ndani ya mfuko wa plastiki naiweka friza dakika kama kumi, chuma kinasinyaa kidogo, mara nyingi inaachia. Ikianza kutafuna kingo, nakunja foili ya jikoni mara tatu nne na kuitoboa mara kumi na kitu. Ikiwa nzito kurudi juu, natoboa karatasi ya nta. Haitakuwa mpya, lakini inakusogeza mwaka mwingine.

Na kabla hujataja bei, hesabu mibonyezo. Ua la tabaka tatu kwa kadi 60 ni mibonyezo 180, na hapo hujakata jani hata moja. Mara ya kwanza nilitumia kidole gumba, usiku nikashindwa kushika kijiko. Weka panchi sakafuni au kwenye meza isiyoyumba, simama juu yake, bonyeza kwa kitako cha kiganja na uzito wa mwili.

Kwenye albamu za picha nina sharti moja tu: panchi isiguse picha halisi. Toa nakala, kata nakala. Panchi ya kona inayotoa mpasuo ndiyo nzuri huko, kwa sababu unapasua ukurasa, unachomeka kona nne za picha, na hakuna gundi inayoigusa. Zile albamu za zamani zenye kurasa za kunata zinaharibu picha polepole, ukiweza zihamishe.

Mimi sharti hilo sikuzaliwa nalo. Nilikuwa na picha moja ya bibi akiwa kijana, amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu. Nikaona uso wake utapendeza ndani ya duara. Nikageuza panchi chini juu, nikalenga vizuri kabisa, nikabonyeza. Uso ulitoka mzuri. Nilipougeuza niubandike ndipo nikaona nyuma kuna maandishi ya kalamu ya wino, mwandiko wa babu, yamekatika katikati. Kwenye duara imebaki "Tan", na kwenye kipande kilichobaki "ga, Desemba 19", kisha ukingo wa picha umechakaa, tarakimu mbili za mwisho hazisomeki.

Nimevichomeka vyote viwili kwenye ukurasa mmoja, duara na mabaki yake, kwa mipasuo ya kona, ili mtu aweze kuvitoa na kugeuza asome nyuma. Shangazi anasema ni sitini na nane. Baba mdogo anakataa, anasema mwaka huo bibi alikuwa bado hajaja Tanga.