Upepo wa ziwa hauleti nimonia

Dada, umeuliza kama mwanao amepata nimonia kwa sababu ulimbeba mgongoni alfajiri, kwenye upepo wa ziwa, kwenda kununua dagaa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza. Hapana, tafadhali usijilaumu. Nimonia huletwa na vimelea: kwa watoto zaidi ni bakteria wa pneumokokasi na wa Hib (Haemophilus influenzae aina b), na virusi kama RSV (virusi vya njia ya hewa). Hupita kwa kikohozi na mafua ya watu mliolala naye chumba kimoja. Moshi wa kuni au wa kubanika samaki hudhoofisha mapafu, na utapiamlo huongeza hatari. Wala si ugonjwa wa nadra: mwaka 2019 uliua watoto zaidi ya 700,000 wa chini ya miaka 5 duniani.

Sasa mwangalie hivi. Akiwa ametulia au amelala, hanyonyi wala halii, mfunue kifua uhesabu pumzi dakika nzima kwa saa. Nusu dakika mara mbili hudanganya, maana watoto hawapumui kwa mpangilio. Miezi 2 hadi 11: pumzi 50 au zaidi ni nyingi. Mwaka 1 hadi 5: 40. Chini ya miezi 2: 60, na huyo apelekwe hospitali moja kwa moja.

Akivuta hewa sehemu ya chini ya kifua ikabonyea ndani, au akishindwa kunyonya, msingoje kesho. Panado hushusha homa tu. Akiandikiwa amoksilini (dawa ya kuua bakteria), mmalizie dozi hata akichangamka siku ya pili. Na kadi ya kliniki ioneshe dozi tatu za PCV, chanjo ya pneumokokasi: wiki ya 6, ya 10 na ya 14.