Kabla ya Kununua Shaba, Tafuta Mahali Joto Linapokwama

Mafundi na wahandisi vijana huniuliza mara kwa mara ni metali ipi kati ya zile za kawaida za kiwandani inayopitisha joto vizuri zaidi. Jibu lake ni jepesi, maana lipo katika kila jedwali la vifaa: shaba nyekundu hupitisha karibu wati 400 kwa mita kwa kila digrii moja, alumini safi karibu 237, chuma cha kawaida karibu 50, na chuma cha pua karibu 15. Lakini katika kazi yangu ya kukagua boila, mitambo ya kukaushia na mifumo ya kupozea, ni nadra sana kukuta joto limezuiwa na metali yenyewe. Karibu kila mara huwa limekwama kwenye kitu kingine kilicho jirani na metali hiyo, na pesa zilizotumika kununua metali bora zaidi huwa hazikugusa tatizo. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usichague kifaa kabla hujajua ukinzani mkubwa, yaani kinachozuia joto zaidi, uko wapi.

Kanuni yenyewe si ngumu. Mwanahisabati Mfaransa Joseph Fourier aliieleza kikamilifu mwaka 1822: joto linalopita katika ukuta huongezeka kadiri tofauti ya joto kati ya pande zake mbili, eneo lake na uwezo wake wa kupitisha joto vinavyoongezeka, na hupungua kadiri unene unavyoongezeka. Ukigawa unene kwa uwezo wa kupitisha, unapata ukinzani wa ukuta huo kwa kila mita moja ya mraba. Joto likilazimika kuvuka tabaka kadhaa zilizofuatana, ukinzani wa kila tabaka hujumlishwa na wa mwenzake. Ni kama umati unaotoka kupitia milango iliyofuatana: mlango mwembamba kuliko yote ndio unaoamua kasi, na kuupanua mlango ambao tayari ni mpana hakumsaidii mtu.

Niliwahi kuombwa maoni kuhusu mtambo wa kupashia hewa ya kukaushia bidhaa, ambao maji moto yalipita ndani ya mabomba na hewa ikavuma nje yake. Hewa ilikuwa haifikii joto lililotakiwa, na wenye mtambo walikuwa wameshaamua kung'oa mabomba ya chuma na kuweka ya shaba. Tuliketi tukapiga hesabu. Upande wa ndani, maji yanayokwenda kasi huweza kuukabidhi ukuta wati 3,000 hivi kwa kila mita ya mraba kwa kila digrii, kwa hiyo ukinzani wake ni kama 0.00033. Ukuta wa chuma wenye unene wa milimita 2 una ukinzani wa 0.00004. Hewa, hata ikisukumwa na feni, ilikuwa inapokea wati 50 tu, yaani ukinzani wa 0.02. Jumla yake ni karibu 0.0204, na takribani yote imetoka upande wa hewa. Ukiweka shaba mahali pa chuma, ukinzani wa ukuta unashuka hadi 0.000005, na mtambo mzima unanufaika kwa chini ya asilimia 0.2. Hakuna kipimajoto cha kiwandani ambacho kingeonyesha tofauti hiyo.

Tiba ilikuwa upande wa hewa. Bomba likivishwa mapezi, yaani vibati vyembamba vinavyochomoza nje, yanayolizidisha eneo la nje mara 10, ukinzani ule wa 0.02 hushuka kuelekea 0.002, ingawa haufiki hapo hasa, kwa sababu ncha ya pezi huwa na joto la chini kuliko shina lake. Hapa ndipo metali inapopata umuhimu wake wa kweli: joto husafiri urefu wote wa pezi ndani ya ubati mwembamba sana, na pezi la chuma cha pua litapoa kabla joto halijafika nchani, ilhali la alumini litafanya kazi karibu lote. Ndiyo maana mapezi mengi hutengenezwa kwa alumini au shaba hata pale ambapo bomba lenyewe ni la metali nyingine.

Hesabu hubadilika pande zote mbili zikiwa na maji. Tuseme kila upande una ukinzani wa 0.00033 na ukuta ni ule ule wa chuma: jumla ni 0.0007. Sasa ukoko wa chokaa wa milimita 1 ukijishika ukutani, nao unapitisha wati 2 tu kwa mita kwa kila digrii, unaongeza 0.0005. Uwezo wa kuhamisha joto unashuka kwa asilimia 40 hivi, kwa sababu ya tabaka ambalo fundi anaweza kulikwangua kwa kucha. Nimeona kibadilisha joto, yaani kifaa cha namna hiyo kinachohamisha joto kutoka maji hadi maji, kikihukumiwa kuwa kidogo mno na kikubwa zaidi kikiagizwa, wakati kilichohitajika ni kukifungua, kukisafisha kwa dawa inayofaa metali yake, kisha kuyatibu maji yanayoingia ili ukoko usirudi upesi. Masizi upande wa moto wa boila ni mabaya zaidi, kwa sababu hupitisha joto kidogo kuliko hata chokaa. Na mahali panapotumika mvuke, kagua vitoa hewa: hewa iliyonaswa hujikusanya pale pale mvuke unapogeuka kuwa maji, ikawa kizuizi kati ya mvuke na ukuta.

Hewa iliyotulia huhitaji kuheshimiwa kokote inapojificha, kwa kuwa hupitisha wati 0.026 tu. Pengo la hewa la milimita 0.1 kati ya kifaa cha elektroniki na kipozeo chake, likienea uso mzima, lina ukinzani sawa na kipande cha shaba chenye unene wa mita 1.5. Ndiyo sababu ya kupaka grisi ya kupitishia joto, na ndiyo sababu pia ya kuipaka nyembamba, maana grisi hiyo nayo iko mbali sana na metali kwa uwezo wake. Kazi yake ni kufukuza hewa kwenye mabonde madogo ya uso tu.

Katika kuhami mabomba, yaani kuyafunika ili yasipoteze joto, udhaifu huo huo wa hewa ndio rafiki yetu. Sufi ya kioo hufanya kazi kwa kuishika hewa isitembee, na ikiwa kavu hupitisha karibu wati 0.04. Ikilowa, nafasi ya hewa inachukuliwa na maji, ambayo hupitisha wati 0.6, zaidi ya mara 20 ya hewa, na chini yake bomba huanza kuliwa na kutu bila mtu kuona. Kwa hiyo maungio ya bati la nje linalofunika sufi yakague kwa makini kuliko unavyokagua unene wa sufi. Usiziache vali na flanji (maungio ya mabomba yanayofungwa kwa bolti) zikiwa wazi kwa kisingizio cha matengenezo. Zipo koti za kuvua na kuvalisha.

Unapopima, kuwa mwangalifu na kipimajoto cha miali, kile kinachopima kwa mbali bila kugusa. Bati la alumini linalong'aa hutoa miali michache sana na kuakisi ile ya vitu vilivyolizunguka, hivyo kipimajoto kitakuambia ni baridi ilhali linaweza kumuunguza mtu. Bandika kipande cha utepe mweusi wa mafundi umeme juu ya bati, mradi joto lake si la kuyeyusha gundi, subiri kidogo, kisha elekeza kipimajoto kwenye utepe huo. Na siku mtambo unapokuwa mpya au umetoka kusafishwa, andika joto la kuingia na la kutoka kila upande pamoja na kasi ya mtiririko, kwa sababu bila namba hizo hutajua ukoko umeanza lini.