Kumpenda jirani mgumu si sawa na kumwachia kila kitu

Dada mleta mada, umeeleza kwamba umepanga Buhongwa, Mwanza, katika nyumba yenye mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kununua kabla ya kutumia, kwamba mpangaji mwenzako hachangii umeme kwa wakati, humwaga maji ya kuoshea samaki mbele ya mlango wako, na ukimwuliza hukujibu kwa matusi watoto wakisikia. Umesema pia kwamba wenzako wa jumuiya wamekushauri uvumilie tu, kwa sababu Mkristo hagombani na mtu, nawe unauliza kama uvumilivu huo ndio upendo anaoutaka Kristo. Kwa maoni yangu ni sehemu yake ndogo, na wanaokushauri uishie hapo wanakupa ile sehemu isiyowagharimu wao chochote.

Mimi naanika dagaa katika mwalo wa Igombe, kazi niliyoachiwa na mama yangu, na nitajibu kutokana na niliyoyaona pale. Dagaa wa ziwa letu la Victoria huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa wavuvi hupumzika, kwa hiyo mapato ya mwezi mzima yanabanwa katika zile siku za giza. Mitumbwi ikifika alfajiri kila mtu anakimbilia ndoo zake, kisha anakimbilia kipande chake cha mchanga na kutandika nyavu, kwa kuwa dagaa asiyepata jua la kutosha hupoteza rangi na bei, na akinyeshewa huishia kuwa chakula cha kuku kwa fedha isiyorudisha hata mtaji. Mahali penye haraka ya namna hiyo watu wapole huwa wakali, na waliokuwa wakali tangu zamani hawasemeki.

Jirani yangu wa upande wa ziwani ni mama mtu mzima ambaye kwa muda mrefu nilimwamkia shikamoo naye asiitikie. Hakuna haja ya kuwaeleza wasomaji wa kwetu uzito wa jambo hilo. Juu ya hapo alikuwa akisogeza mawe yanayotenga eneo lake na langu, kidogo kidogo, na kuwaambia wanunuzi wanaotoka Kirumba kwamba dagaa wangu wana mchanga. Sikumfanyia lolote la kustahili hayo, ingawa nasikia palikuwa na ugomvi wa zamani kati yake na mama yangu, ambao mama hakuwahi kunisimulia.

Nilichokuja kukishika si mahubiri ya kupenda adui, ambayo tumeyasikia hata tukayazoea, bali sheria mbili fupi katika kitabu cha Kutoka sura ya 23. Ya kwanza inasema ukimkuta ng'ombe au punda wa adui yako amepotea, umrudishie. Ya pili inasema ukimwona punda wa mtu anayekuchukia amelala chini ya mzigo wake, usimwache, umsaidie kumwinua. Ninazipenda sheria hizi kwa sababu hazimwulizi mtu anajisikiaje moyoni. Hazimtaki aanze kwa kumwonea huruma mwenye punda, wala hazimruhusu asubiri kuombwa radhi kwanza. Zinamwonyesha mnyama na mzigo, basi. Kristo katika Mathayo 5 anatupeleka mbali zaidi ya hapo, hata kuwaombea wanaotuudhi, lakini sioni mtu atawezaje kufika huko ikiwa punda tu amemshinda.

Punda wangu alikuja siku moja ya vuli. Wingu lilipanda kutoka upande wa Ukerewe mchana, mama yule akiwa amekwenda Kirumba kudai fedha zake, na mjukuu wake wa kike aliyeachiwa kazi hakuweza kukunja nyavu peke yake. Nilikusanya dagaa wangu kwanza, na sioni dhambi katika hilo, kwa kuwa ndio wanaolisha watoto wangu. Kisha nikahamia upande wa pili. Tulishika pembe za wavu, mimi huku na mtoto kule, tukakunja kuelekea katikati ili dagaa wasimwagike, tukamimina kwenye viroba na kurudia wavu mwingine, mpaka matone yakaanza kutupiga nasi tumebakiza nyavu za mwisho. Hizo zilikunjwa zikiwa zimelowa. Tulifunika yote kwa turubai na kuweka mawe juu yake, yakiwemo yale yale ya mpaka.

Mama aliporudi jioni alifunua turubai, akachota dagaa kiganjani, akawanusa, akasema, bila kuniangalia, kwamba wabichi wamechanganywa na wakavu. Nikamjibu, "Kweli mama, mvua ilituwahi. Waliolowa sana wako kwenye viroba vya mwisho." Akaanza kuwatenganisha. Hakusema asante, na asubuhi yake nilimwamkia naye hakuitikia.

Nalisema hili waziwazi kwa sababu shuhuda nyingi tunazozisikia kanisani huishia adui akilia na kuomba msamaha, na msikilizaji ambaye adui yake hakulia anarudi nyumbani akidhani imani yake ina kasoro. Huyu mama bado ni mkali mpaka leo. Kilichobadilika upesi ni wale waliokuwa katikati yetu. Mwaloni pana watu ambao kazi yao ni kubeba maneno, wanaanza kwa "umesikia alivyosema?" na kungoja useme lako walipeleke upande wa pili. Walipoona nimekunja nyavu zake, halafu wakija kwangu siongezi neno, walikosa cha kupeleka, na ugomvi wetu ukabaki wa watu wawili tu. Ugomvi wa watu wawili una nafuu, kwa sababu angalau unajulikana mwisho wake uko wapi.

Sasa nije kwenye mawe, kwa maana hapo ndipo ushauri wa "vumilia tu" unaponishinda. Eneo lile ni riziki yangu, na kulinyamazia kungekuwa kumsaidia mama yule kudhulumu. Mathayo 18 inatupa utaratibu ambao Wakristo wengi tunaukariri na wachache tunaufuata: umwendee aliyekukosea mkiwa ninyi wawili peke yenu, asiposikia uchukue mtu mmoja au wawili, asiposikia hao ndipo uliambie kanisa. Sisi huanza na kanisa zima, yaani na kikoba chetu cha kuweka na kukopa, na kundi la simu, na foleni ya maji, kisha yeye mwenyewe ndiye wa mwisho kusikia.

Nilimfuata kwake jioni, shughuli zikiwa zimekwisha. Saa ile ilikuwa na maana, kwa sababu mtu aliyekwisha kusema jambo mbele ya watu hawezi kulirudisha mbele ya watu haohao, hasa akiwa mtu mzima na anayesema naye ni mdogo. Nilimwambia nimekuja kwa jambo moja, mawe ya mpaka, nikaomba yarudi yalipokuwa. Habari ya shikamoo sikuitaja, wala ya wanunuzi, maana ukimwekea mtu makosa yake yote mezani atachagua lile dogo na kubishana nalo hadi usiku. Alikana kwamba aliyasogeza. Basi nikaenda hatua ya pili: nikamwomba mama mmoja mzee anayeheshimiwa pale, pamoja na kiongozi mmoja wa BMU yetu, yaani kikundi kinachosimamia mwalo, tukapima upya na mawe yakarudi. Wapo walionilaumu kwamba nimemshtaki mtu mzima. Asubuhi iliyofuata nilimwamkia kama kawaida, na nadhani hilo lilimshangaza kuliko kupimwa kwa eneo.

Nakushauri pia uisome tena habari ya Msamaria katika Luka 10 ukiangalia kiasi alichotoa. Alimfunga mtu yule majeraha kwa mafuta na divai, akampandisha kwenye mnyama wake, akalala naye katika nyumba ya wageni, na siku ya pili akatoa dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi, akaendelea na safari yake. Hakuiacha safari. Kwa kipimo hicho, mama yule aliponitaka nimdhamini kwenye kikoba nilikataa, kwa kuwa niliyajua marejesho yake ya mikopo, na alipofiwa na ndugu yake huko Sengerema nilikwenda matangani pamoja na wengine, nikapika na kulala. Mambo hayo mawili hayapingani.

Kuhusu kumwombea mtu mgumu, nina neno moja ambalo huenda litawaudhi wengine. Sala ya "Bwana, mbadilishe" mara nyingi ni mashitaka yaliyovalishwa nguo ya ibada. Siku hizi namwombea yale ambayo ningemwombea mtu ninayempenda: goti lake linalomuuma, mjukuu apate sare ya shule, wanunuzi wamlipe. Nimeona kwamba ni vigumu kumwombea mtu goti lake usiku, kisha kesho yake ukafurahia akianguka. Vivyo hivyo na ule mstari wa Warumi 12 unaosema ukimlisha adui yako utampalia makaa ya moto kichwani. Wapo wanaoutumia kama kisasi cha heshima, wanampelekea adui sahani ya chakula huku wanachungulia kama kichwa kimeanza kuungua. Adui huwa anaijua sahani ya namna hiyo, na sishangai akiirudisha.

Kabla sijarudi kwako, naomba niwatoe watu fulani katika mazungumzo haya. Mume anayepiga, ndugu anayemgusa mtoto vibaya, bosi anayedai rushwa ya ngono, hao tusiwaite watu wagumu wa kuonyeshwa upole. Hao wana Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi na wana mahakama, na mtumishi wa Mungu anayemrudisha mwanamke kwenye kipigo kwa mstari wa uvumilivu anabeba sehemu ya dhambi ile.

Jirani yako wewe si wa aina hiyo, kwa jinsi ulivyomweleza. Basi mfuate peke yako, watoto wakiwa wamelala, kwa jambo moja tu. Mimi ningeanza na maji ya samaki kwa kuwa yana dawa rahisi, ningemwambia tuchimbe pamoja shimo dogo nyuma ya choo na ningekwenda na jembe langu. Akikutukana watoto wakiwepo, mwambie mtazungumza baadaye, uingie ndani. Mithali 15 inasema jawabu la upole hugeuza hasira, na uzoefu wangu ni kwamba hata isipogeuka siku hiyo, kwa upole wako hukuiongezea kuni.

Umeme ushughulikie kama hesabu, usiufanye kipimo cha wokovu wako. Kaeni pamoja na wapangaji wengine mwandike kwenye daftari nani ana friji, nani ana pasi, nani ana taa tu, kisha mnunue kwa zamu kulingana na matumizi badala ya wewe kununua na kudai. Zamu yake ikifika asinunue, usikimbie kumnunulia. Mwache aulizwe na nyumba nzima, kwa maana giza la usiku mmoja halijamwua mtu. Wakati huohuo mwombe mwenye nyumba akubali kila mpangaji awe na mita yake, na umwombe kwa niaba ya wote, bila kumtaja huyo dada wala kumsimulia vituko vyake. Akisema gharama ni kubwa, mwulize kama atakubali wapangaji wachangie na kukatwa kwenye kodi, kisha utueleze hapa alivyojibu, maana wapo humu wenye nyumba wanaoweza kukushauri namna ya kuliandika hilo kwenye mkataba.