Barua kwa Mwanangu: Mlango Uliozibwa na Jirani wa Upande wa Pili

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, na nimefurahi kusikia kwamba nyumba uliyoinunua ni kuukuu, yenye kuta nene na mlango uliozibwa katika ukuta mnaopakana na jirani. Umeniuliza uanzie ofisi gani kuitafuta historia yake, na kama ni sawa kuufungua tena mlango huo. Kisha ukaongeza, kama jambo lisilohitaji jibu, kwamba utazimaliza nyaraka kwanza ndipo ujitambulishe kwa majirani, ili mtu asije akakupa hadithi za uongo. Hilo hukuniuliza, lakini ndilo nitakalolijibu, kwa kuwa ndilo lililonikaa moyoni tangu niliposoma.

Masjala ya ardhi nenda, sikukatazi. Huko utapata majina ya waliowahi kuimiliki, tarehe za kuuziana na kurithishana, rehani kama zilikuwepo, na mipaka ya kiwanja. Ukibahatika utaona ramani ya zamani inayoonyesha kwamba jiko au chumba cha uani kiliongezwa baadaye. Hutamwona mpangaji aliyekaa humo nusu ya maisha yake, wala fundi aliyeziinua kuta, wala sababu ya mlango kuzibwa, wala mahali maji yanapoelekea mvua ikizidi. Siku zote nimesema, na wewe umenisikia hata ukachoka: karatasi humjua mwenye nyumba, jirani huijua nyumba.

Unaikumbuka ile nyumba yetu ya ngazi za mbao, lakini bibi wa nyumba ya nyuma hukumkuta. Alikuwa akija jioni, anakaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani, na sisi watoto tukikimbia karibu na ukuta wa nyuma alitukemea: "Pale msicheze, pale pana shimo." Tulitazama, tukaona udongo mkavu na majani, tukaendelea kucheza. Jioni moja, wakubwa wakiwa wamekaa, alisema kwamba nyumba ile ilijengwa na baba yake. Babu yako mdogo, na unamjua alivyopenda kusoma kwa sauti, aliingia ndani akatoka na hati, akaisoma mbele ya watu wote kuanzia jina la kwanza hadi la mwisho, akamwambia, "Jina la baba yako halimo." Yule bibi hakubishana. Aliitazama ile karatasi, ambayo sidhani kama aliweza kuisoma, akajikusanya, akaondoka, na kizingiti kile hakukikalia tena.

Mvua kubwa zilipokuja, uwanja ulititia karibu na ukuta wa nyuma. Tuliposogea tuliona duara la matofali yaliyopangwa kwa ustadi, na maji meusi chini yake: kisima cha zamani kilichofunikwa kwa mbao zilizooza na udongo juu yake. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Mama alinituma nikamuulize bibi kilichimbwa lini na kama viko vingine, na yeye akanijibu kwa upole kabisa, "Hati yenu inasemaje?" Nilikuwa binti mdogo, nikarudi na jibu hilo hilo. Mpaka leo linaniuma, maana mle kichwani mwake mlikuwa na nyumba nzima tuliyoishi ndani yake, na alikwenda nayo.

Najua utakachosema, nami nimejisemea mwenyewe mara nyingi. Babu yako mdogo hakusoma uongo, kwani jina kweli halikuwemo. Lakini bibi hakusema baba yake aliimiliki nyumba, alisema aliijenga, na fundi mwashi haandikwi katika hati. Hata hivyo siwezi kukuambia kwamba kila jirani ni wa kuaminiwa neno kwa neno. Kumbukumbu huchanganya miaka, watu huunganisha nyumba mbili kuwa moja, na mwenye kinyongo na mmiliki wa zamani atakusimulia kinyongo chake badala ya nyumba. Kwa hiyo uulize na ukuta pia. Chukua msumari ukwaruze kiungo cha mawe pembeni mwa mlango, kisha ukwaruze kati ya matofali yaliyouziba. Chokaa itamomonyoka kwa urahisi na kuacha unga mweupe, ilhali saruji itaukataa msumari. Saruji ya Portland, ndiyo hii ya kawaida ya siku hizi, ilipata hataza (hati ya haki ya mvumbuzi) Uingereza mwaka 1824, kwa Joseph Aspdin, na sehemu nyingi ilichukua miaka mingi zaidi kuwafikia mafundi wa kawaida. Basi kama ukuta wako ni wa chokaa na kizibo ni cha saruji, mlango ulizibwa baadaye sana, na huenda yupo mtu mtaani aliyeona ukizibwa. Unaona? Hata ukuta unakurudisha kwa jirani.

Na ukiwa hapo, usipige lipu ya saruji juu ya kuta hizo za chokaa, hata fundi akikushawishi, kwa sababu chokaa hupumua na saruji huufungia unyevu ndani mpaka ukuta unabanduka. Wala usipige msasa mkavu rangi za zamani huku wajukuu wangu wamo ndani, maana nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Marekani yenyewe iliipiga marufuku katika rangi za nyumba mwaka 1978 tu.

Kwa majirani usiende na daftari mkononi kama karani wa sensa. Nenda na jambo linalowahusu wote wawili: mfereji wa maji, ukuta wa pamoja, kelele za mafundi wanaokuja. Mtu akiulizwa kuhusu mfereji atakueleza ni nani aliuchimba, na akimtaja huyo atamtaja mkewe, na kutoka hapo hutakuwa na haja ya kuuliza. Ukirudi nyumbani ndipo uandike: nani kasema, siku gani, na kama aliona mwenyewe au alisimuliwa. Akikosea mwaka, usimsahihishe. Mwaka utaupata masjala, lakini yeye ukimwaibisha hutampata tena popote.

Sasa, ule mlango. Nina maoni yangu, na kalamu imeshayakaribia mara kadhaa katika barua hii nikairudisha. Mlango kati ya nyumba mbili huzibwa kwa ugomvi, au kwa msiba, au kwa sababu tu nyumba moja iliuzwa mbali na nyingine, na kila sababu ina jibu lake kuhusu kuufungua. Aliye upande wa pili wa matofali hayo ana haki ya kuulizwa kabla yangu mimi, na pengine sheria ya ukuta wa pamoja inamtaka akubali kwa maandishi. Mwulize kwanza, halafu uniandikie alivyosema kwa maneno yake, hata kama atasema hajui, nami ndipo nitakuambia ninavyoona.

Mama yako