Ngiri ilikuwa kulia nikapasuliwa kushoto: jibu kwa dada ambaye mama yake anavuja mkojo

Dada uliyeuliza juzi, pole sana na mpe pole mama. Kwa ambao hawakuona swali lake, mama yake kapasuliwa uvimbe wa kizazi mwezi wa tatu, karudi nyumbani, siku ya kumi akaanza kuvuja mkojo wenyewe bila kujijua, wakamrudisha hospitali wakaambiwa ni kawaida itaisha, na sasa mjomba anataka waende polisi, kaka anataka wakili, mama mwenyewe anasema tumwachie Mungu. Nimeona majibu mengi ya "washtaki hao" na "pelekeni kwa waandishi" nikasema hapana, ngoja nikae chini niandike, maana mimi hii kitu nimeipitia kwenye mwili wangu mwenyewe, siyo ya kusimuliwa.

Kabla ya wakili wala polisi, mama atibiwe. Mkojo kuvuja siku kadhaa baada ya upasuaji wa kizazi inaweza ikawa fistula, yaani kuna tundu kati ya kibofu au mrija wa mkojo na uke, na hiyo siyo kawaida na wala haiishi kwa kusubiri tu nyumbani na khanga zilizokunjwa. Ikiwahiwa, kuna tundu dogo linaloziba kwa kuwekewa mpira wa mkojo wiki kadhaa, ikichelewa ni upasuaji mwingine. Hospitali ya CCBRT kule Dar wamekuwa wakitibu fistula bure miaka mingi, pigeni simu muulize utaratibu. Na daktari atakayemwona kule ataandika alichokikuta, karatasi hiyo ndo itakuja kuwa roho ya kesi yenu kama kesi itakuwepo.

Sasa yangu.

Mimi ni kibarua bandarini hapa Tanga, nakaa Makorora. Mwishoni mwa 2020 nikaanza kuona kinyama kinatokeza kinenani upande wa kulia nikinyanyua mzigo, nikilala kinarudi. Huku kwetu Pwani chochote kikivimba chini ya kitovu watu wanasema busha, basi nilitaniwa kijiweni mpaka nikaacha kwenda kunywa kahawa. Utrasaundi ikasema ngiri, kulia, na kushoto ikaandikwa hamna tatizo. Februari 2021 nikalazwa hospitali moja ya binafsi, jina silitaji na siyo kwa woga, mtaelewa mbele.

Kabla ya kuingizwa thieta wakaleta fomu ya ridhaa nisaini. Kizungu kitupu, halafu mwandiko wa daktari mnaujua. Mke wangu akaipiga picha na simu amtumie mdogo wake ambaye ni nesi Muheza amsomee, yule akajibu "ngiri ya kulia hiyo, shemeji asiogope". Tukacheka, nikasaini, nikaenda. Hiyo picha wakuu, iliyopigwa kwa sababu tu hatujui kizungu, ndo ilikuja kuniokoa.

Nilichomwa sindano ya mgongo, kwa hiyo kuanzia kiunoni kushuka sina habari ila masikio yanafanya kazi. Mbele ya uso kuna kitambaa cha kijani, nyuma ya kitambaa wanapiga stori za mpira, timu ya Coastal. Mara kimya. Halafu namsikia daktari, "mbona huku hamna kitu?" Mwingine akajibu sikumshika vizuri. Kimya tena, kirefu, wakashona. Nikajua labda ndo lugha zao.

Jioni ganzi imeisha napeleka mkono, bandeji iko kushoto. Nikakohoa kidogo, kile kinyama cha kulia kikatokeza palepale kama kinanisalimia.

Mke wangu alipouliza akaambiwa "tulikuta na kushoto ipo tukaona tuanze na hiyo". Tukaamini siku mbili nzima maana daktari kasema, wewe nani. Mpaka shemeji wa Muheza alipokuja akaomba ile karatasi ya utrasaundi, akaisoma, akatazama kidonda, akatutoa nje kwenye mwembe akasema hii siyo sawa.

Na siyo mimi wa kwanza. Wakubwa wenzangu mtakumbuka 2007 kule Dar, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walichanganywa, wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti, na yule wa kichwa akaja kufariki. Mwaka uliofuata, 2008, Shirika la Afya Duniani likatoa orodha ya vitu 19 ambavyo timu ya thieta inatakiwa ivihakiki kwa sauti kabla ya kutia ganzi, kabla ya kukata, na kabla mgonjwa hajatoka, humo ndani kuna jina lako, upasuaji gani, upande gani, na mwisho kuhesabu vitambaa na vifaa visije vikabaki tumboni. Mimi siku yangu hakuna aliyeniuliza hata jina. Hospitali ya pili nilikoenda kupasuliwa ile ya kulia, mwezi wa sita, daktari alikuja wodini na kalamu ya wino mzito akanichora mshale pajani nikiwa macho, na mpaka nafika mezani nimeulizwa upande gani mara tatu. Mara ya tatu nikashindwa kujizuia nikalia, yule dada wa ganzi akadhani naogopa sindano.

Tuje kwenye sheria, na hapa nitaenda taratibu maana ndo watu wengi wanapigwa.

Kosa langu la kwanza nilienda kwa kishoka, yaani mtu anayejifanya wakili na siyo. Anakaa karibu na mahakama ana briefkesi, anaongea sheria kama maji, nikampa laki na nusu akaniandikia barua ya vitisho inayotaka milioni mia mbili ndani ya siku saba. Hospitali hata hawakujibu. Ukipewa jina la wakili angalia kwanza kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kama yupo na kama ana leseni hai ya mwaka huo, unaangalia kwa simu tu dakika mbili. Kama huna hela kabisa, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, imewatambua wasaidizi wa kisheria, hao hawasimami mahakamani kukutetea lakini wanakuelekeza, wanakupeleka kwenye taasisi yenye mawakili, na kwa akina mama kuna TAWLA, chama cha wanasheria wanawake. Mimi msaidizi wa kisheria ndo alinitoa kwa kishoka akanipeleka kwa wakili mwanamama mmoja hapa mjini, Mungu ampe maisha.

Huyo wakili swali lake la kwanza halikuwa "unataka shilingi ngapi", aliuliza "una karatasi gani mkononi". Nikamwambia faili liko hospitali. Akasema faili la hospitali ni lao, lako ni ulilonalo. Na kweli, tulivyoomba kopi ya faili kwa barua tulizungushwa wiki tano, lilipokuja fomu ya ridhaa haimo. Imepotea tu. Ndo nikatoa simu ya mke wangu. Wakili alikaa kimya akaiangalia ile picha, akaniambia usiifute, usiuze simu, usibadilishe simu, maana tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 picha ya simu inapokelewa kama ushahidi lakini lazima uonyeshe imetoka wapi na haijachezewa. Ile simu ilivunjika kioo mwaka huohuo tukaikalia hivyohivyo.

Jambo lingine alilonifundisha, na dada hili ni lako zaidi kuliko langu: kuumia siyo lazima kuwe na uzembe. Kuna madhara yanayoweza kutokea hata daktari akiwa makini, na kibofu kiko jirani kabisa na kizazi, kinaweza kuguswa hata na fundi mzuri. Mahakama zetu zinafuata kipimo kilichotoka Uingereza tangu 1957, kwamba je daktari wa kawaida mwenye fani hiyohiyo angefanya hivyo? Kwa hiyo kwenu swali kubwa huenda lisiwe kwa nini kibofu kilitoboka, bali waliona au hawakuona, na mlivyorudi mkiwaambia anavuja kwa nini walisema ni kawaida wakamrudisha nyumbani. Mimi naona hapo pazito zaidi kuliko kwenye kisu, ila atakayesema ni daktari mwingine, siyo mimi wala mjomba. Na kumpata daktari wa kuja kusema mwenzake kakosea, hapo jiandaeni. Mji wetu mdogo, wote wamesoma pamoja. Yangu ilikuwa rahisi kwa sababu upande wa kulia na kushoto hauhitaji profesa, wakili alisema hilo ni jambo linalojieleza lenyewe.

Na ile fomu ya ridhaa isiwatishe, watu wanasema "si ulisaini". Ulisaini kupasuliwa, hukusaini kuzembewa.

Muda. Madai ya namna hii ukomo wake ni miaka 3, na wiki zinaenda mnabishana sebuleni. Halafu kama hospitali ni ya serikali, hata ya halmashauri, kuna notisi ya siku 90 kwanza, yaani barua ya kuwajulisha kwamba mtawashtaki, kopi kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na baada ya marekebisho ya 2020 kesi inafunguliwa Mahakama Kuu na Mwanasheria Mkuu anaunganishwa humo. Jirani yangu wa mtaa wa pili mtoto wake alivunjika mkono ukaungwa vibaya, akafungua kesi bila notisi, ikatupwa hata haijasikilizwa, alivyokuja kurudi pumzi imemwisha na hela imemwisha. Hospitali ya binafsi hamna hiyo ya siku 90, unaandika barua ya madai ya kawaida, wakikaa kimya unafungua.

Kwa mjomba wa polisi: sheria ya makosa ya jinai nayo ina kosa la kutibu mtu kwa uzembe, kwa hiyo hajakosea kabisa, ila polisi hawatamlipa mama hata senti ya nauli. Baraza la Madaktari Tanganyika vilevile, linaweza kumwonya daktari, kumsimamisha, hata kumfuta kwenye rejista, lakini fidia siyo kazi yake. Mimi nililalamika Baraza pia na sijutii, ila hela ilitoka kwenye njia ya mahakama. Mjue kila mlango unatoa nini, msije mkagonga mmoja mkisubiri kitu cha mwingine.

Hela sasa, maana najua mtaniuliza. Kuna hasara unayoitaja kwa risiti, shilingi kwa shilingi: upasuaji wa pili, dawa, nauli, mapato yaliyopotea. Hiyo bila kuthibitisha hupati. Halafu kuna fidia ya jumla ya maumivu na usumbufu, hiyo hakimu anaipima mwenyewe. Mimi kibarua sina salari slipu, nikaona nimekwama, wakili akanituma nikatoe statementi ya M-Pesa ya mwaka mzima kwa sababu nokoa wetu, msimamizi wa vibarua, alikuwa anatulipa kwa simu, ikaonekana kabisa kila wiki inaingia, halafu kuanzia Februari kapaa, miezi saba hamna kitu. Risiti za bajaji sikuwa nazo hata moja, hiyo nikaipoteza. Dada, kuanzia leo kila pampasi unayomnunulia mama, kila nauli ya Dar, chukua risiti uweke kwenye bahasha moja.

Kesi tulifungua 2022, na hati ya madai ilikuwa kwa Kiswahili maana sheria ilishabadilika 2021, nikaisoma mwenyewe mwanzo mwisho, raha yake huwezi kuijua. Kabla ya kusikilizwa inapelekwa kwanza kwenye usuluhishi. Kikao cha kwanza wakili wao alisema ngiri zilikuwa mbili. Wakili wangu akaweka mezani utrasaundi na picha ya fomu, hakusema neno. Kikao cha tatu wakaja na milioni tatu, tukakataa, tukamaliza kwenye milioni sita na nusu, mwaka 2023. Kuna watu walinicheka kwamba ningesubiri hukumu ningepata ishirini. Labda. Labda ningekuwa bado naenda mahakamani mpaka leo na kibarua simo. Kwenye hati ya maridhiano nilikubali jina lao silitaji hadharani, ndo maana silitaji.

Daktari mwenyewe sikuwahi kumsikia akisema samahani, na hiyo nikiri iliniuma kuliko kovu.

Kwa hiyo dada, mama aende akapimwe wiki hii, wewe ukusanye karatasi zote, picha zote, andika kwenye daftari tarehe na nani alisema nini siku ile mliporudi mkaambiwa ni kawaida, andika sasa hivi kabla hujasahau. Halafu nijibu hapa kitu kimoja tu, hospitali yenyewe ni ya serikali au ya binafsi? Jina usiliweke. Mi natoka zamu saa kumi na mbili jioni, nitaingia nikusome.